Msimbazi Unaanzia Kwetu

Ndugu zangu, ule Mto Msimbazi tunaouzibia pua tukipita Jangwani unaanzia kwetu, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ndiyo iliyokuwa ikiyapunguzia maji kasi. Tukaikata, tukachoma mkaa. Magunia yakashuka mjini, mchanga nao ukafuata mtoni. Sisemi ni mkaa peke yake. Mabondeni nako tulijenga, tena wengi wetu humu. Desemba 2011 mto ulifurika, watu wakafa, wengi waliopoteza nyumba wakapelekwa Mabwepande. Ndugu zetu walikuwamo. Mchango wa mwaka huu ni wa miche, ipandwe kandokando ya vijito vya huko juu. Wachoma mkaa nao watoe. Tunawajua, na baadhi wamekaa hapa mbele.