Waya za mlingoti zikazwe kiasi gani?

(Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia)

Mmetuita tueleze kwa nini mlingoti wetu ulianguka, na mkasema tusifiche. Hatutaficha.

Tulisimamisha bomba la mita 12 ili redio ya mawasiliano ya zahanati isikike ng'ambo ya kilima. Waya zilikuwa zile za ua. Mbili tulizifunga kwa vigingi, ya tatu kwa mgrevilea, maana tulisema, ya nini kuchimba shimo na mti upo? Upepo ulipokuja mti ukayumba. Waya ikalegea, halafu ikavutwa kwa ghafula, ikakatika. Mlingoti ulilala juu ya paa la jikoni, na mama mpishi alikuwa ametoka kuteka maji tu. Kwa majuma matatu, mgonjwa akizidiwa usiku, tulituma kijana kwa baiskeli.

Wengi wetu tulidhani dawa ni kukaza sana. Sivyo. Waya haivuti kando peke yake, inavuta chini pia. Waya tatu zilizoinama digrii 45, kila moja ikivuta kilo 300, zinaukandamiza mlingoti kwa zaidi ya kilo 630. Hayo ni magunia saba ya mahindi ya kilo 90! Bomba jembamba litapinda hata kabla ya upepo. Na ukilegeza mno, ndiyo yale yetu: mlingoti unacheza, kila dharuba inapiga waya kama nyundo.

Mafundi wa redio wana desturi ya kukaza kila waya karibu asilimia 10 ya uzito unaoweza kuikata. Waya ngumu ya kusokotwa ya robo inchi, iliyotengenezewa milingoti, hukatika kwa kama kilo 3,000, basi hukazwa kilo 300. Hiyo ni ya mnara mzito. Bomba kama letu linataka waya nyembamba zaidi na mvuto mdogo. Muulizeni mwenye duka nguvu ya waya kabla ya kulipa. Asipojua, nendeni kwingine.

Waya zote zikazwe sawa, asubuhi kukiwa kimya, huku mtu mmoja akitazama kwa timazi. Ziachane sawasawa kama mafiga. Kwa mita 12, nanga ziwe mita 8 au zaidi kutoka kwenye mguu, ndani ya zege. Klampu nazo hukosewa sana: kile kipande cha tandiko kikalie waya ndefu inayobeba mzigo, na bolti iliyopinda ikalie ncha fupi. Na nyaya za stima ziwe mbali kupita urefu wa mlingoti wote.

Jambo jingine, msifungue waya kuukuu kabla ya kufunga nyingine ya muda. Huko Poland mlingoti wa Konstantynów, mita 646, ulikuwa mrefu kuliko kitu chochote kilichojengwa duniani. Tarehe 8 Agosti 1991 ulianguka wakati mafundi wakibadilisha waya zake. Wale walikuwa mafundi hasa, si kama sisi.

Jumamosi tunachimba mashimo matatu. Njooni na majembe na sururu. Mchanga upo, simiti bado mifuko miwili. Mgrevilea tumeuacha, utatupa kivuli.