Taa Yako, Macho ya Mwenzako

Hotuba kwa madereva na wakazi wa mpaka wa Katuna



Tumekuja kuzungumza juu ya taa za mbele za magari, hasa zile nyeupe zenye mng'ao mkali ziitwazo taa za zenoni. Huenda mtu akajiuliza, polisi na globu wana uhusiano gani? Uhusiano upo. Katika vilima hivi vya Kigezi, ukungu hushuka mapema na barabara hupinda. Gari lenye taa moja likitokea kwenye kona huonekana kama pikipiki, na anayelikabili humwachia nafasi ya pikipiki. Gari lenye taa iliyoinuka mno humpofusha mwenye bodaboda, naye asimwone mama anayetembea ukingoni na mzigo wake kichwani. Makosa yote mawili huweza kuua, na yote mawili mara nyingi huanza na hitilafu ndogo ambayo mwenye gari angeweza kuitambua akiwa nyumbani kwake.

Kwanza tuifahamu taa yenyewe. Globu ya kawaida ya halojeni ina uzi unaowaka. Globu ya zenoni haina uzi. Ndani ya kichupa kidogo kigumu mna gesi ya zenoni na chumvi za madini, pamoja na ncha mbili za chuma, na umeme huruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Ili umeme huo uruke kwa mara ya kwanza, huhitajika volti zaidi ya 20,000. Ukishawaka, taa hujiendesha kwa wati 35 tu. Kazi ya kuugeuza umeme wa betri ya volti 12 hufanywa na kisanduku kiitwacho balasti, ambacho aghalabu hufungwa chini au nyuma ya taa. Kwa hiyo taa isipowaka, washukiwa ni wanne: umeme unaoingia, viunganishi na nyaya, globu, au balasti. Tunawachunguza mmoja mmoja kabla ya kumhukumu yeyote.

Kabla hamjagusa kitu, tunawasihi mzingatie usalama. Volti 20,000 si za mchezo. Zimeni gari, toeni ufunguo, fungueni waya wa hasi wa betri, na msubiri dakika 10 ili globu ipoe na umeme uliobaki kwenye balasti uishe. Msifanye kazi hii mvua ikinyesha wala mikono ikiwa na maji. Msiishike globu kwenye kioo chake kwa vidole vitupu; vaeni glavu safi, maana mafuta ya ngozi huiharibu. Mita ya umeme itumike upande wa volti 12 pekee. Ukiipeleka upande wa globu, utaiharibu mita na huenda ukajidhuru mwenyewe. Kisanduku cha balasti kisifunguliwe kamwe nyumbani.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Ikiwa taa zote mbili zimezimika kwa pamoja, ni nadra globu mbili kufa usiku mmoja. Anzeni na fyuzi, swichi na rilei. Ikiwa ni upande mmoja tu, kagueni fyuzi ya upande huo, kisha viunganishi: je, vimelegea, vimeingia kutu, au vimeungua? Angalieni pia waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Ukilegea, taa hucheza. Pimeni na betri. Gari likiwa limezimwa, betri yenye afya huonyesha takriban volti 12.6, injini ikinguruma, mita hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukiwa chini ya hapo, taa huweza kumetameta bila globu wala balasti kuwa na kosa lolote.

Ikiwa umeme unafika vizuri, hamisheni globu: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Hatua hii haigharimu hata shilingi moja, nayo hutoa jibu kwa njia rahisi. Kosa likihama pamoja na globu, globu ndiyo mbovu. Kosa likibaki upande uleule, globu haina hatia. Tazameni balasti au nyaya za upande huo. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaonunua taa nzima kwa fedha nyingi ilhali kilichoharibika ni globu peke yake, au fyuzi ya bei ndogo kabisa.

Zipo dalili nyingine zinazosema zenyewe. Mwanga ukigeuka kuwa wa waridi au wa zambarau, globu imezeeka. Taa ikiwaka kisha ikazimika baada ya muda, na ikarudi ukizima na kuwasha tena, mara nyingi globu imefika mwisho wake, ingawa balasti nayo yaweza kuwa chanzo. Mkiona matone ya maji ndani ya kioo cha taa, tafuteni mpira uliochakaa au kifuniko cha nyuma kisichofunga sawasawa, mkaushe na kuziba mapema. Maji yakiifikia balasti, gharama huwa kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mnaponunua globu, someni maandishi yaliyo kwenye kitako chake: D1S, D2S, D2R, D3S, D4S, D4R. Herufi S ni ya taa zenye lenzi ya mviringo. Herufi R ni ya taa zinazotumia kioo cha kuakisi. Aina za D1 na D2 hufanya kazi kwa takriban volti 85, na D3 na D4 kwa takriban volti 42, hivyo moja haichukui nafasi ya nyingine hata muuzaji akisema inaingia. D1 na D2 zina zebaki, ambayo ni sumu. Ikivunjika chumbani, fungueni madirisha na mtoke kwanza. Globu kuukuu zisitupwe mahali watoto wanapochezea. Tena, badilisheni zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa mpya na kuukuu hazitoi mwanga sawa.

Vijana wetu, tunawaomba mtusikilize hapa. Kuchomeka globu ya zenoni katika taa iliyotengenezwa kwa halojeni si kuliboresha gari. Mwanga husambaa ovyo na kuwapiga machoni wanaokuja. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka taa zenye mwanga mkali kiasi hicho ziwe na mtambo wa kujishusha zenyewe gari linapobeba mzigo, na kifaa cha kuosha kioo. Zile globu za rangi ya buluu nazo hupendeza dukani, lakini hutoa mwanga hafifu zaidi kuliko nyeupe ya kiwandani, na kwenye ukungu wetu hazina faida.

Kazi ikiisha, pimeni mwelekeo. Simamisheni gari kwenye uwanja tambarare, karibu na ukuta, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha. Wekeni alama ya chaki ukutani penye kimo cha katikati ya kila taa. Rudisheni gari nyuma mita 5, washeni mwanga wa karibu. Kwa magari mengi madogo, mstari ambapo mwanga unakatika unapaswa kuwa takriban sentimita 5 chini ya alama. Kipimo halisi cha gari lenu huandikwa kwenye taa au katika kitabu chake. Ukiwa juu ya alama, msiingie barabarani usiku kabla ya kurekebisha.

Liko jambo moja linalotuhusu sisi wa mpakani kuliko watu wengine. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Magari yetu mengi yametoka Japani, ambako pia huendesha kushoto, na taa zake za karibu hunyanyua mwanga upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Ukishavuka kwenda Gatuna, upande huo wa kushoto ndio wanaotoka wenzako, na mwanga uleule huwaingia machoni. Taa nyingine zina kitenzo cha kubadili upande. Nyingine huhitaji vibandiko maalumu vya kuziba sehemu ya mwanga. Someni kitabu cha gari, au mwulizeni fundi kabla ya safari, na mnaotoka ng'ambo kuja kwetu fanyeni vivyo hivyo. Asiyeweza kubadili, na avuke mchana.

Mwisho, tunajua lipo neno linalozungumzwa kuwa askari husimamisha magari kwa ajili ya taa ili apate chochote. Tunalijibu mbele yenu. Mkisimamishwa, ombeni kuonyeshwa kasoro kwa macho yenu na kuelezwa kwa heshima. Mkidaiwa malipo yasiyo na stakabadhi, msilipe. Njooni kituoni mtueleze, au mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji. Nanyi kwa upande wenu, mkikuta taa imekufa njiani, msiikimbize safari gizani. Egesheni mahali salama, mkapambazukiwe.

Barabara hii ni yetu sote, walio ndani ya magari na wanaotembea kwa miguu.