Homa ya Ini: Tusidanganywe na Macho

Mazungumzo na wakazi wa Kibokoni, Mji wa Kale

 

Mimi si daktari. Kazi yangu katika kaunti ni habari. Nimekuja kuzungumzia ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, kwa sababu njia zake mbili kuu hapa kwetu hazionekani kwa macho.

Kwanza tutenganishe majina. Mtu akigeuka macho manjano, wengi husema ana homa ya manjano. Hiyo ni maradhi mengine, huenezwa na mbu. Huu ni homa ya ini, yaani hepatitisi. Aina A na E huingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Aina B na C hupitia damu. B pia huambukizwa kwa kujamiiana, na mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa. Mwenye B haambukizi kwa kula naye sahani moja, kwa hivyo tusimtenge.

Sasa njia ya kwanza: maji. Maji ya mfereji hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Marere katika milima ya Shimba, Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Hayatutoshi, na hugawiwa kwa zamu. Mfereji ukikauka, tunarudi kisimani. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini visima vyetu vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, lenye matundu mengi, na mashimo ya vyoo yako karibu. Uchafu hupenya humo, na maji yakaonekana safi vilevile.

Kwa kuwa maji hayo yana chumvi, twasema ni ya kuoshea tu, hatuyanywi. Lakini tunaosha nini? Gilasi, nyanya za kachumbari, chupa ya mtoto. Na mswaki twapigia hayo hayo.

Njia ya pili ni mikono ya mtu anayeonekana mzima. Virusi vya aina A hukaa mwilini siku 15 hadi 50 kabla ya dalili, na hutoka kwa wingi chooni wiki moja au mbili kabla ya macho kubadilika. Watoto wadogo wengi hawageuki manjano kabisa. Anayekaanga viazi karai au kutengeneza sharubati leo aweza kuwa anaambukiza bila kujua. Kwa hivyo tusingoje kumwona mgonjwa ndipo tunawe mikono. Tunawe kwa sabuni tukitoka chooni, tukishambadilisha mtoto nepi, na kabla ya kushika chakula. Maji matupu hayatoshi, na sanitaiza haiviui vizuri virusi hivi.

Wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Lakini aina E ni hatari kubwa kwa mama mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho: yeye na mtoto wote wanaweza kupotea. Mwaka 2012, katika kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, zaidi ya watu 300 waliugua, na miongoni mwa waliofariki walikuwamo wanawake waliotoka kujifungua.

Nyumbani tufanye haya:

Tuchemshe maji mpaka yatokote kabisa, tuyaweke katika chombo chenye mfuniko. Kama makaa ni ghali, tuanze na maji ya kunywa, ya mjamzito na watoto, na ya kuoshea vinavyoliwa vibichi.

Barafu pia itokane na maji yaliyochemshwa. Baridi haiui virusi.

Tumpeleke mtoto kliniki akitimiza wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya hepatitisi B imo katika chanjo za watoto Kenya tangu 2001. Matone ya kuzuia virusi vya rota, vinavyoleta kuhara kukali, yaliongezwa mwaka 2014. Katika vituo vya serikali hazilipiwi.

Tukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, macho manjano, kichefuchefu au maumivu chini ya mbavu za kulia, twende hospitali. Mjamzito aende siku hiyo hiyo. Tusinywe Panadol wala mizizi bila ushauri, kwani ini lililoumwa ndilo linalopaswa kuichuja dawa hiyo. Juisi ya miwa haitibu; ikitiwa barafu ya maji ya kisima, yaweza kuongeza ugonjwa.

Najua mtaniuliza kuhusu mfereji, na mna haki. Swali hilo nitalifikisha kwa wanaohusika. Lakini usiku huu, kabla mfereji haujatengenea, mtoto atakunywa maji. Naomba yawe yamechemshwa.

 Karibuni kwa maswali.