Muhuri na Mwenye Karatasi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi. Mtumishi wa serikali akisimama mbele ya vijana, hutazamiwa ahimize nidhamu na kufika kazini mapema. Leo nitazungumza juu ya mtunzi wa michezo ya kompyuta. Wazee wenzangu msicheke; ninayo sababu.

Mtu huyo ni Lucas Pope, Mmarekani. Alifanya kazi katika kampuni ya Naughty Dog huko California, ambako mchezo mmoja hutengenezwa na watu wengi, kila mmoja na kipande chake. Mwaka 2010 aliacha kazi hiyo, kisha akahamia Japani, nchi ya mkewe. Huko alijitegemea: picha, programu na muziki, vyote kwa mikono yake.

Katika safari zake alipanga foleni mara nyingi mbele ya maafisa wa uhamiaji. Sisi tukipanga foleni hiyo hununa. Yeye alimtazama afisa anavyofanya kazi. Novemba 2012 alianza kutunga mchezo juu ya kazi hiyo, akidhani utamchukua majuma machache. Ulimchukua miezi tisa, ukatoka Agosti 8, 2013 kwa jina la Papers, Please.

Mchezaji ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Analipwa kwa hesabu ya watu aliowahudumia, na makosa yakizidi mawili kwa siku, anakatwa mshahara. Kanuni mpya hutoka juu kila mara. Jioni anapiga hesabu ya kodi ya nyumba, chakula, joto na dawa za familia yake.

Siku moja anafika mwanamume, karatasi zake zimetimia. Anaomba mkewe aliye nyuma yake atendewe wema. Mke anafika, hana kibali cha kuingia, na anasema akirudi kwao atauawa. Ukimpitisha, umevunja kanuni. Ukimrudisha, umemtenga na mumewe na pengine umemwua. Muhuri uko mkononi mwako, na foleni inangoja.

Ndugu zangu, wengi humu ndani tunaijua meza ile. Nimekaa nyuma ya meza ya serikali miaka mingi, wala sijaona maelezo ya haki kuliko hayo. Mchezo haumfanyi afisa kuwa shetani, wala haumtakasi. Unaonyesha rushwa inavyobisha hodi siku ambayo mtoto anaumwa na mshahara hautoshi. Unaonyesha pia kwamba utii peke yake haumwondolei mtu lawama.

Mwaka 2018, baada ya kazi ya zaidi ya miaka minne, Pope alitoa Return of the Obra Dinn. Mara hii mchezaji ni mkaguzi wa bima, mwaka 1807. Merikebu imerudi bila mtu, naye hutafuta majina ya watu 60 waliokuwamo na yaliyompata kila mmoja. Michoro ni ya rangi mbili tu, kama ya kompyuta za zamani za Macintosh. Kila mchezo kati ya hiyo miwili ulipata tuzo kuu ya Independent Games Festival, mwaka 2014 na 2019. Kufikia mwaka 2023, nakala za Papers, Please zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 5.

Wanafunzi, mtu huyu hakutafuta habari za wafalme. Alichukua kazi ambayo watu huiona kavu, akaitazama mpaka akamwona binadamu ndani yake. Mwenye kipaji miongoni mwenu na aanze na kilicho karibu naye, akimalize.

Na ninyi mtakaokuja kukaa nyuma ya dirisha la serikali, someni kanuni vizuri, maana asiyezijua hawezi kumsaidia mtu. Lakini kabla ya kugonga muhuri, inueni macho. Kila karatasi ina mwenyewe, naye amesimama mbele yenu.