Kidogo Chenye Kudumu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu katika imani, wapo miongoni mwetu watu wazima, wenye familia na heshima zao, ambao mtoto akirejea kutoka madrasa na kuomba asikilizwe sura aliyohifadhi, baba humwelekeza kwa mama, na mama humwambia akamsomee mwalimu wake. Si kwamba hawampendi. Hawajui kusoma Qur'an, nao wanachelea mtoto asije akagundua. Wakishauriwa kujifunza, hujibu kuwa wakati umewapita.

Hebu tulipime jibu hilo kwa hesabu. Juzuu ya 30, ambayo watoto wetu huanza nayo, ina sura 37 na aya 564. Anayehifadhi aya moja tu kwa siku ataimaliza kwa siku 564, yaani mwaka mmoja na nusu na siku chache. Mwongezee miezi sita ya kujifunza herufi na irabu, na mingine sita ya kurudia: haifiki miaka mitatu. Miaka hiyo itapita vyovyote vile, asome asisome.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), kwamba amali aipendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ndogo. Qur'an yenyewe haikuteremshwa kwa mara moja, bali kwa muda wa miaka ipatayo 23, ili nyoyo zithibitike.

Wataalamu wa leo nao wameichunguza tabia. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akirudia jambo dogo kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani jambo lilizoeleka baada ya siku 66, wengine siku 18, na wengine lilikadiriwa kuhitaji siku 254. Kukosa siku moja hakukuvunja mazoea.

Kwa hiyo, mosi, lifunge jambo jipya na lile usiloliacha. Umalizapo Sala ya Alfajiri, usiinuke juu ya mswala wala usishike simu kabla ya aya yako. Pili, kipimo kiwe kidogo kiasi cha kutokushinda hata siku ya homa. Tatu, ukikosa leo, usijitwike mbili kesho. Rudi kwenye moja yako. Nne, tafuta mwalimu wa kukusikiliza, hata awe mdogo kwako kwa umri.

Wala tusisahau kuwa mabaya nayo huingia kwa mlango huu huu. Hakuna aliyeamka siku moja akaiacha Alfajiri. Aliichelewesha kidogo kidogo mpaka jua likamzoea kitandani.

Basi anayeona haya mbele ya mwanawe, na amwambie usiku huu: "Mwanangu, nifundishe alifu." Mtoto hatamdharau. Atajifunza kwamba elimu haina uzee.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.