Kujiandaa kwa Mtihani wa Usimamizi wa Miradi

Leo tunanena juu ya mtihani wa usimamizi wa miradi uitwao PMP, utolewao na taasisi ya Marekani iitwayo Project Management Institute, iliyoasisiwa mwaka 1969, nao ni mtihani ambao wahandisi na wahasibu wengi huuandama kwa hima, wakidhani kwamba aliyehifadhi vitabu moyoni ndiye atakayefaulu.

Dhana hiyo si sahihi. Kwa utaratibu ulioanza Januari 2021, mtahiniwa hupewa maswali 180 na dakika 230, na mengi ya maswali hayo humwekea kadhia: mafundi wamegombana, mfadhili amebadili matakwa yake, muda unakwisha na kazi haijatimia; kisha huulizwa, wewe msimamizi, utaanza na lipi? Hapo, kwa rai yetu, ndipo penye kiini cha maandalizi, kwani jibu litakiwalo aghalabu ni la mtu atafutaye sababu na kuzungumza na wahusika kabla ya kupeleka mashitaka kwa wakubwa. Basi kila swali la mazoezi ulilokosa, lirejee, uandike kwa mkono wako ni kwa hoja gani jibu sahihi limelishinda lako. Kazi hii ina taabu, wala haina badali.

Masharti ya kuingia katika utaratibu huo ni mafunzo ya saa 35 pamoja na tajiriba ya kuongoza miradi, ambayo kwa mwenye shahada ni miezi 36. Jibu la makosa halipunguzi alama. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usiache hata swali moja bila ya kulijibu.