Msaada Haujitangazi Wenyewe

Maelezo ya Afisa Maendeleo ya Jamii katika kikao cha viongozi wa vikundi vya kujitolea vya kata



Nimekuja na ungamo moja na ombi moja.

Miaka michache iliyopita, kikundi kimoja cha akina mama kilipata viti mwendo vya watoto, vya kuazimwa bila malipo. Tangazo niliwaandikia mimi. Lilikuwa na mhuri, nalo lilisema kwamba wenye uhitaji maalumu wawasilishe maombi kwa mujibu wa utaratibu uliowekwa. Nikalibandika kwenye ubao wa matangazo, nikarudi ofisini nimeridhika. Miezi miwili baadaye nilikutana njiani na bibi aliyembeba mgongoni mjukuu wake asiyeweza kutembea, akimpeleka zahanati. Nilipomweleza habari za viti, aliniuliza, "Mwanangu, mbona hamkusema?" Tulisema, lakini mahali asipopita na kwa maneno asiyoyatumia. Kiti kilikuwa stoo, kijiji cha jirani.

Vikundi vingi hushikilia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo unafaa sokoni, ambako mnunuzi huenda kutafuta bidhaa anayoijua. Mwenye shida hatafuti asichojua kuwa kipo. Kwa hiyo kutangaza huduma si majivuno. Ni sehemu ya kwanza ya huduma yenyewe.

Mtauliza fedha za matangazo zitatoka wapi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni ya shughuli za uzalishaji mali. Msiiguse kwa kazi hii. Njia nyingi tunazo tayari, na hazidai fedha.

Ya kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowakutanisha wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mwombeni Mtendaji wa Kijiji mapema awaingize katika ajenda, nanyi mseme kwa dakika tano tu. Ya pili ni siku ya kliniki ya watoto, ambapo akina mama husubiri kwa muda mrefu. Ya tatu ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao hufika nyumba kwa nyumba na kujua nani hatoki ndani. Kisha kuna misikiti, makanisa, mnada, na redio ya jamii pale inaposikika. Makundi ya WhatsApp ni mazuri, ila yasiwe njia pekee, maana bibi yule hakuwa hata na simu ya kitochi.

Tangazo lenyewe lijibu maswali matano: ni huduma gani, ni ya nani, inapatikana wapi, lini, na kwa gharama gani. Kama ni bure, semeni ni bure. Wekeni namba moja ya simu, na awepo mtu mmoja wa kuipokea. Namba isiyopokelewa hukatisha tamaa kuliko ukimya. Kabla ya kulitoa, msomeeni jirani asiye mwanakikundi, kisha mwombeni alieleze kwa maneno yake. Asipoweza, kosa ni la tangazo.

Jambo la picha nalisisitiza. Mtoto mwenye ulemavu si bango. Msimpige picha wala kutaja jina lake bila mzazi au mlezi kuelewa itatumika wapi na kuridhia kwa hiari. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria hiyo tulikuwa na heshima. Picha ya kiti, au ya mafundi wakikikarabati, yatosha.

Mwisho, kila anayefika muulizeni alisikia wapi habari zenu, mkaandike daftarini. Baada ya miezi mitatu mtajua ni njia gani inawaleta watu na ni ipi ya kuacha. Hesabu hiyo, pamoja na idadi ya mliowahudumia na matumizi yenu, isomeni mbele ya wanakijiji. Atakayeona mnasema hata pale mlipopungukiwa, atawaamini siku mtakapomwomba mchango.

Ombi langu ni hili: kila kikundi kitakaporudi nyumbani kijiulize ni nani katika kitongoji chake angefaidika na huduma yake lakini hajaisikia. Kisha mmoja wenu aende akamwambie, kwa miguu yake na kwa mdomo wake, kabla wiki hii haijaisha. Bibi yule alipata kiti. Alikipata kwa sababu tulikutana njiani, na huduma ya wananchi haipaswi kutegemea bahati ya njiani.